Punyeto ni neno lenye asili yake, si jina la ugonjwa

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, na naomba mniwie radhi mapema kama ntakuwa mrefu, maana jambo hili limenikaa moyoni tangu msimu wa karafuu uliopita na nshalizungumza barazani mpaka wenzangu wameshalichoka.

Wiki mbili nyuma mlitoa barua ya msomaji mmoja wa Unguja aliyekuwa analalamika kuhusu vijana na simu, na ndani yake akasema kwamba neno punyeto limeletwa na intaneti, halikuwepo zamani, na et limetoka kwenye kitenzi cha kupuna, kama mtu anavyopuna jasho. Sasa mie nimesomesha Kiswahili miaka thelathini na kitu hapa Pemba, siwezi kuliacha likapita hivi hivi. Na si kwa sababu ya ubishi wa maneno tu, la, ni kwamba kutojua neno hili limetokea wapi kuna watu kunawatia hasara, na ntaeleza.

Punyeto ni neno la Kireno. Wenyewe wanasema punheta, hiyo nh yao wanaitamka kama ny yetu, na linatokana na punho, yaani ngumi, mkono uliofumbwa. Sisi tukaligeuza mwisho likawa o. Wareno walifika kwetu mwishoni mwa karne ya 15, Vasco da Gama alipita Unguja mwaka 1499 akirudi kutoka India, na wakakaa kwenye mwambao huu karibu miaka mia mbili mpaka Waomani walipowatoa Mombasa, Fort Jesus, mwaka 1698. Walivyoondoka wakaacha maneno. Meza ni lao, leso ni lao, foronya ya mto unaolalia, bendera, pipa, kasha, karata na turufu unayopigia mezani, hata gereza, ambalo kwao igreja ni kanisa. Na sisi Wapemba tuna ule mchezo wa ng'ombe ambao wazee wote wanasema ni wao waliotuachia. Basi mabaharia na askari waliokaa miezi baharini bila wake zao wakatuachia na neno hilo pia. Si la intaneti. Lina mamia ya miaka, pengine lina umri sawa na meza unayoandikia, mhariri wangu.

Na hebu niseme jambo ambalo mie mwenyewe nilipolijua lilinifungua macho. Zamani bibi zetu walikuwa na bweta, kile kikasha kidogo cha kutilia herini na pete na udi. Bweta nalo ni la Kireno, boceta, kijisanduku. Kwetu ni neno la heshima kabisa, bibi harusi anapewa bweta mbele za watu. Lakini neno hilo hilo lilivyovuka bahari likaenda Brazili, huko limekuwa tusi zito la tupu ya mwanamke, ukilitamka mezani wanainuka. Alafu huku Ureno kwenyewe, hiyo punheta ambayo sisi tunaiona ndio neno lisilotamkika, wana chakula kinaitwa punheta de bacalhau, ni samaki wa chumvi, mbichi, anachambuliwa kwa mikono akatiwa vitunguu na mafuta ya zeituni, na kwenye mikahawa wanakiandika kwenye orodha ya vyakula baba anaagiza na watoto wake. Wanakiita hivyo kwa sababu ya ngumi, ya mkono unaominya samaki. Wahispania nao neno lao puñeta lina maana ile chafu lakini pia ndio jina la ile lesi inayoshonwa kwenye mikono ya joho la hakimu. Na Ufilipino, walikotawala Wahispania, limebaki tusi tu la mtu akikasirika.

Kwa hiyo aibu haimo ndani ya neno. Aibu tunaitia sisi, kila nchi inatia pake.

Nimelisema hilo kwa sababu ya kijana mmoja. Alinijia nyumbani baada ya alaasiri, mimi niko uwani chini ya mwembe natengeneza kiti kilichokatika ukindu. Kidato cha tatu, mtoto mzuri wa tabia, nimemsomesha tangu mdogo, na babake tulikuwa pamoja chuoni. Shikamoo maalim, marahaba, kakaa. Kakaa kimya sana. Alafu akatoa kwenye mkoba wa skuli chupa ya maji ya nusu lita, ile ya plastiki, ndani mna kitu cha rangi ya kahawia kama maji ya ukwaju uliolala, chini kumetulia vumbi, na juu pamebandikwa karatasi imepigwa chapa kwa kompyuta. Imeandikwa DAWA YA WAATHIRIKA WA PUNYETO, alafu chini orodha: kupoteza nguvu, mgongo, macho kuwa na ukungu, kusahau, uume kusinyaa, kukosa kizazi. Hakuna jina la aliyetengeneza, hakuna tarehe, namba ya simu tu. Nikamuuliza umenunua bei gani, akasema elfu sitini. Fedha zote alizochuma karafuu na mamake, pishi kwa pishi, anapanda mti na kamba kiunoni, zimeishia kwenye chupa ile. Na ameinywa siku nne, anatapika na kuharisha, na macho kweli sasa yamemuingia ndani, lakini yameingia kwa kuharisha.

Akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Maalim, et mie ntazaa?"

Wallahi nilishindwa kujibu kwa muda. Kwa sababu nilijiuliza, mtoto huyu tangu lini anabeba swali hili, na kwa nini amelipeleka kwa mtu wa namba ya simu kabla ya kulileta kwa mtu yeyote anayemjua. Akanambia hakujua atalisema vipi. Neno lenyewe akilitamka nyumbani anapigwa, akilitamka skuli anachekwa, pahala pekee alipoliona limeandikwa zima bila mtu kushtuka ni kwenye lile karatasi lililobandikwa kwenye nguzo ya umeme karibu na soko.

Hapo ndipo penye shida yenyewe, na ndio maana naandika.

Maana tukitazama vizuri, sisi Wazanzibari si watu wa kuogopa mambo haya kama tunavyojidhania. Mtoto wa miaka minane au tisa anakaa chuoni kwenye mkeka anasoma Safina, kile kitabu kidogo cha fiqhi, yaani sheria za dini, na mwanzo mwanzo tu wa kitabu anahifadhi kwamba dalili za kubaleghe ni tatu, kutimia miaka 15 kwa mwanamume na mwanamke, na kuota akatokwa na manii kuanzia miaka tisa, na hedhi kwa mwanamke kuanzia miaka tisa. Anahifadhi kwa sauti, na mamake yuko jikoni anasikia anafurahi. Baadae anafunzwa tofauti ya manii na madhii na wadii, yaani maji maji yanayotoka kwenye tupu, lipi linawajibisha josho na lipi linatosha udhu, lina rangi gani, linatoka vipi, lina harufu gani. Hakuna anayecheka. Kwa nini? Kwa sababu maneno yamekuja na elimu yake. Hata tendo lenyewe lina jina kule, istimnai, limo kwenye vitabu vya fiqhi na masheikh wanalijadili bila kupepesa. Sasa lile la Kiarabu linapita msikitini, hili la Kireno ambalo ndilo mtoto analolijua tumelitupa barabarani, na lililotupwa barabarani limeokotwa na muuza chupa.

Sitaki mtu anielewe vibaya. Sisemi tendo ni halali. Sisi wengi wetu hapa ni Mashafi, na Imam Shafi amelikataza akitolea dalili Suratul Muuminun, aya ya 5 mpaka ya 7, ya wanaozilinda tupu zao isipokuwa kwa wake zao, na mwenye kutafuta nje ya hapo amevuka mpaka. Madhehebu mengine wamepanua kidogo, kuna kauli iliyopokewa kutoka kwa Imam Ahmad ya kuruhusu kwa dharura, na Mahanafi wapo waliosema akiogopa kuingia zinaa basi achague lililo jepesi. Hiyo ni kazi ya masheikh, si yangu. Ninachosema ni kwamba dini imelizungumza jambo kama hukmu, ikatoa na njia, ile hadithi ya Ibn Masud iliyomo kwenye Bukhari na Muslim, enyi vijana mwenye uwezo na aoe na asiyeweza na afunge. Funga. Haikusema elfu sitini na chupa.

Nilimchukua yule kijana jioni ile ile baada ya magharibi nikampeleka kwa sheikh wetu. Nilimueleza mie kwa niaba yake. Sheikh akamsikiliza, akamwambia mwanangu hili kwetu ni haramu, toba mlango wake uko wazi, funga Jumatatu na Alhamisi, punguza kukaa peke yako na simu usiku, ukipata mchezo wa mpira kacheze. Alafu akaichukua ile chupa akaisoma karatasi yake polepole kwa miwani, orodha yote, akanambia, "Maalim, mie nimesoma vitabu vingi, haya ya macho na mgongo sijayaona kwenye kitabu hata kimoja." Na akaongeza kwamba hata ile inayosambazwa kuwa ni hadithi, ya aliyeuoa mkono wake amelaaniwa, wanazuoni wa hadithi wamesema ni dhaifu.

Asa orodha ile imetoka wapi? Nimeitafuta, na jibu lake ndilo lililonifanya nikae kitako niandike. Imesambaa zaidi kutoka Uswisi. Kulikuwa na daktari mmoja wa Lausanne anaitwa Tissot, mwaka 1760 alitoa kitabu kwa Kifaransa kuhusu tendo hili, akasema kupoteza wakia moja ya manii ni kubaya kuliko kupoteza wakia arubaini za damu, na akaorodhesha maradhi, macho, kumbukumbu, mgongo, kukonda, wazimu. Kitabu kikatafsiriwa kila pahala na madaktari wa Ulaya wakakiamini zaidi ya miaka mia moja, watoto wakafungwa mikono usiku wakatiwa vyuma. Baadae utabibu wao wenyewe ukakiacha kwa sababu hakikuwa na ushahidi. Lakini orodha haikufa, imesafiri, na leo inabandikwa kwenye nguzo Wete ikiitwa dawa ya asili ya Mwafrika. Si ya asili yetu hata kidogo, si ya mababu na si ya dini.

Na huyo Tissot hata jina alilotumia lilikuwa na kosa. Wazungu waliliita tendo hili kwa jina la Onan, mtoto wa Yuda aliyetajwa kwenye Biblia, kitabu cha Mwanzo sura ya 38. Ukikisoma kisa chenyewe, Onan aliambiwa amrithi mjane wa kakake, Tamari, ili ampatie kaka yake marehemu kizazi, akawa akimuingilia anamwaga chini ili asizae. Hiyo sisi tunaijua, ni azl, na kuna hadithi ya Jabir kwamba masahaba walikuwa wakiifanya na Kurani inateremka. Mtu na mke. Sio mtu na mkono wake. Lakini kwa sababu hawakutaka kulisema tendo kwa jina lake wakaazima jina la mtu aliyefanya jambo jengine, na kosa likakaa kwenye vitabu vya udaktari mamia ya miaka. Mwaka 1898 ndio Mwingereza Havelock Ellis akatoa jina jengine la kitaalamu, auto-erotism, kutokana na Kigiriki, lenye maana ya ashiki ya mtu na nafsi yake. Na siku hizi mtandaoni kuna jengine jipya, solosexual, linaloanza na solo, yaani peke yake, kwa watu wanaosema wao hivyo ndivyo walivyo kwa maisha yao yote, kijana mmoja aliniuliza kuhusu hilo nikamwambia ni la juzi juzi na sisi bado hatuna la kulipokea.

Kuogopa neno si kwetu tu. Marekani mwaka 1994 daktari mkuu wa serikali, Joycelyn Elders, aliulizwa kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu ukimwi kama jambo hili litajwe kwa vijana, akajibu kwamba ni sehemu ya maumbile ya binaadamu na pengine lifundishwe. Kabla mwezi haujaisha Rais Clinton akamuondoa kazini. Na nchi ile ndiko mtafiti Alfred Kinsey alikotoa utafiti wake wa tabia za kujamiiana mwaka 1948, akakuta wanaume 92 kwa kila 100 aliowahoji walishalifanya. Watu wote wanajua, na anayesema ndiye anayefukuzwa.

Siku ya pili nikampeleka kijana hospitali kwa ajili ya kule kuharisha. Daktari, kijana wa hapa hapa, akamtia maji, na alipomaliza akamuweka kitako akamueleza kwa Kiswahili cha kawaida. Akamwambia mwili wa mwanamume unatengeneza mbegu kila siku kwa mamilioni, mbegu moja inachukua kama siku sabini mpaka ikomae, na zinatengenezwa nyengine nyuma yake, si mtungi kwamba ukimimina unakwisha. Macho hayahusiki, uume hausinyai, kizazi hakiondoki. Akamwambia pia ukweli mwengine, kwamba mtu akilifanya limpoteze usingizi na masomo, au akizowea picha za simu mpaka akija kuoa asivutike na mkewe, hapo ana jambo la kulishughulikia, lakini anashughulikiwa kwa mazungumzo na mpango, si kwa kunywa maji ya majani yasiyojulikana ambayo yanaweza kumuharibu figo. Nikamuona mtoto mabega yameshuka. Yalikuwa yamepanda tangu jana mie sikuyagundua.

Alafu tukiwa njiani kurudi akaniuliza jambo jengine lililonigusa zaidi. Akasema, "Maalim, kumbe mie si muathirika?" Nikamwambia mwanangu, muathirika ni mtu aliyepatwa na jambo, mafuriko, moto, maradhi. Wewe umefanya tendo, tendo lina hukmu yake, unatubia unaendelea. Neno muathirika limebandikwa pale ili ukubali kwanza kuwa mgonjwa, maana mgonjwa ndiye anayenunua dawa. Lugha ndiyo iliyomuuzia ile chupa kabla fedha hazijatoka mfukoni. Mie ni mwalimu wa lugha, hilo limeniuma.

Kuhusu maneno mengine yaliyopo, kwa wenzangu wanaosomesha: wa bara wanasema kujichua, kutokana na kuchua, yaani kukanda mwili, na mie naliona ni neno zuri na la adabu, halina ngumi wala tusi. Nyeto ni punyeto hilo hilo limekatwa kichwa, la vijana. Puli pia nimelisikia, la mitaani. Tabia ya siri ni tafsiri ya Kiarabu na silipendi, kwa sababu linaongeza siri juu ya siri. Istimnai ni sahihi lakini watoto wengi hawalijui maana yake, nimewauliza. Na la mwanamke pekee mie silijui, punyeto lenyewe kwa asili yake ni la mwanamume na watu wanalitumia hivyo, kwa hiyo binti akiwa na swali lake hajui aanzie na neno gani. Ningependa wataalamu wa Baraza la Kiswahili wakae na masheikh na madaktari walitazame hili, wao wana uwezo huo.

Na nyinyi wa magazeti mna sehemu yenu. Kwenye ile barua ya msomaji niliyoanza nayo, neno mmeliandika kwa herufi ya mwanzo na ya mwisho na katikati mkatia nyota. Nikafunua ukurasa wa matangazo, gazeti hilo hilo, siku hiyo hiyo, kuna tangazo la mganga, na neno limo, zima, kwa wino mzito, na waathirika pembeni yake. Silaumu mtu, najua matangazo na barua zinapita mikono tofauti. Lakini kijana wangu akilifungua gazeti lile anaona nini? Anaona kwamba msomaji wa kawaida haruhusiwi kulisema na muuza dawa anaruhusiwa.

Tangu siku ile wamenijia wengine watatu, nadhani yule aliwaambia. Wawili walikuja na chupa, namba ya simu ni ile ile, bei imepanda. Mmoja hakununua bado, alitaka kuuliza kwanza. Chupa zote ninazo nyumbani kwenye rafu, na daktari ameahidi kuzichukua akaulizie zipimwe.

Kwa hiyo ombi langu moja tu. Barua hii mkiona inafaa kutoka, fupisheni mnapotaka, hata huko kwa Wareno mkitaka katani, lakini neno msilitie nyota. Liandikeni zima, herufi zake saba.

Wasalaam,
Mwalimu mstaafu wa Kiswahili,
Wete, Pemba